Gari si Letu

Watoto wa Mabwepande walilizunguka gari wakiimba "chanjo! chanjo!", na wawili walio wadogo zaidi wakakimbilia nyuma ya choo kujificha. Sikuwalaumu. Gari kubwa jeupe, madirisha yana mapazia, ubavuni mlango wenye ngazi: kwa umri wao gari la namna hiyo huleta sindano, au huja kuchukua damu, au humleta mgombea. Shemeji alipofungua mlango wakaona kitanda, jiko la gesi na sinki, wimbo ukakatika. Mmoja akauliza, "Kwani nyinyi hamna kwenu?"

Tulicheka. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 2 Mei 2024, mvua imepumzika kidogo, na tulikuwa na kwetu. Mimi nina chumba na sebule Sinza. Dada yangu na mumewe wana nyumba Goba. Gari lilikuwa Coaster kuukuu iliyong'olewa viti, ikawekwa vitanda vinne, tangi la maji, taa za betri na kabati za mbao. Mwenyewe ni rafiki wa shemeji, huwakodishia watalii. Masika watalii hawapo, gari lilikuwa limekaa uani linaota kutu, akatuazima kwa masharti mawili: tujaze mafuta, na tulirudishe safi. Hilo neno "safi" lina kazi yake huko mbele.

Safari yetu ilikuwa ya kwenda Kilwa, lakini bila haraka. Tuanzie ukingo wa kaskazini wa jiji, huku Kinondoni inakoishia porini, tushuke taratibu mpaka ukingo wa kusini, Temeke, ndipo tuishike Barabara ya Kilwa. Njiani kazi yetu iwe moja tu, kula. Dada aliiita "kuula mji". Mtu anaishi Dar miaka ishirini na hajui supu ya Tegeta ina ladha gani, kwa sababu kila siku anapita Tegeta akiwa amechelewa.

Na mimi napenda mvua, nakiri hivyo mapema. Nimelelewa chini ya mabati, na mvua ikipiga bati usiku hata mwenye deni hulala. Ndani ya gari lile sauti ilikuwa ileile, ila karibu zaidi, kama mtu anakumwagia mchele juu ya kichwa. Unavuta shuka, unanusa chai ya tangawizi, unasikia dunia yote inalowa isipokuwa wewe. Sijui raha nyingi zinazoizidi hiyo. Nataka kuiuliza raha hiyo swali moja, na sitaki kulijibu haraka.

Tulianzia Mabwepande kwa sababu shangazi anakaa huko. Hakuchagua kukaa huko. Mwezi Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar siku chache mfululizo, Msimbazi ukafurika, na watu zaidi ya arobaini wakafa. Shangazi alikuwa amepanga Kigogo, bondeni. Mwanzoni mwa 2012 serikali iliwachukua watu wa mabondeni na kuwapeleka Mabwepande, mbele ya Bunju, wakapewa mahema kwanza, kisha viwanja. Wengine walirudi mjini kimyakimya, kwa sababu huwezi kuuza samaki Kariakoo ukiwa unalala mwisho wa dunia. Shangazi alibaki. Sasa ana nyumba ya vyumba vitatu, mipapai, na ulimi.

Alilikagua gari letu lote, akafungua kabati, akabonyeza godoro. "Kumbe nyumba inaweza kuwa na magurudumu," akasema. "Ya kwangu pia ilisafiri. Ila yenyewe ilitangulia baharini, mimi nikaja huku kwa lori."

Tulikula kwake kisamvu cha nazi na ugali, tumejibana barazani kwa sababu mvua ilikuwa imerudi. Dada alipotoa mchele na sukari tulivyobeba, shangazi alivipokea kwa mikono miwili, kisha akauliza jambo ambalo nililiona la mzaha. "Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyinyi mmekuja na kitanda chenu, maji yenu, jiko lenu. Mwenyeji atapona vipi?"

Shemeji akamjibu kwamba sisi si wageni, ni wapita njia. Shangazi akasema mpita njia hali.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa tamu, na sitazieleza zote. Supu ya kongoro na chapati Tegeta, saa moja asubuhi, kwenye kibanda ambacho turubai lake lilikuwa limeshika maji tumboni, na kila baada ya dakika chache kijana akilisukuma kwa ufagio, maji yakashuka pembeni kwa kishindo na wateja wote wakainua miguu. Kunduchi tulikuta samaki wachache na bei juu, maana ngalawa haziingii baharini hovyo siku za namna ile. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza kimbunga Hidaya, boti za Zanzibar zikasitisha safari. Tukala changu mmoja watu watatu, na pweza wa kuchemsha aliyekatwakatwa sinia la mchuuzi anayetembea, pilipili ikatutoa machozi. Hakuna aliyetuambia turudi nyumbani, na hata angetuambia. Nyumbani kwetu kulikuwa humohumo.

Jumamosi mchana tulishuka Mwenge, tukapita Morocco, tukaishika Kawawa. Pale Mkwajuni barabara inaposhuka bondeni kabla ya kupanda kuelekea Magomeni, magari yalikuwa yanakwenda hatua kwa hatua, na kiti changu kilikuwa juu kuliko cha daladala. Nikaona kila kitu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yamesambaa kati ya kuta. Mwanamke anachota maji sebuleni kwa sufuria na kuyamwaga dirishani. Wanaume wawili wamebeba friji kama wanavyobeba jeneza. Na pembeni, palipoinuka, matuta ya mchicha, kijani kibichi kinachong'aa hata bila jua.

Shemeji akasema, "Aisee, piga picha."

Nikapiga. Ni picha nzuri, bado ninayo. Mchicha ule ni mzuri kwa sababu ya tope lilelile. Mabonde ya jiji hili yanalisha jiji. Kila mafuriko yanaacha udongo mpya, na udongo mpya unaotesha mboga inayouzwa fungu mia tano mpaka kwa wakaao Masaki. Basi anayesema mvua ni mbaya hajasema kweli, na anayesema ni nzuri naye hajasema kweli. Siwezi kumwambia mtu aache kuifurahia mvua kwa kuwa kuna anayeumia nayo. Kwa hesabu hiyo tusingefurahia bahari, maana kila siku kuna mtu inamzamisha, wala moto, wala barabara. Furaha ingekwisha duniani na hakuna hata sebule moja ya Mkwajuni ambayo ingekauka kwa ajili hiyo.

Lucretius, mshairi wa Roma wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, ana mahali anazungumzia utamu wa kusimama nchi kavu na kumtazama mwingine akihangaika na bahari iliyochafuka. Anawahi kujitetea: si kwamba shida ya mwenzio ni raha, bali ni tamu kuyaona mabalaa usiyokuwa nayo wewe. Niliposoma habari hiyo zamani niliona ni ukatili uliovaa kanzu. Pale Mkwajuni, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nilimwelewa vizuri kabisa. Lakini mtu wa Lucretius amesimama ufukweni tu. Hakula chakula cha baharia yule. Hakumwambia asubuhi, "Dada, wali wako mtamu, tutarudi jioni."

Sisi tulisema hivyo.

Tulifika Mbagala alasiri, tukapita Rangi Tatu, pembeni mwa njia za mwendokasi zilizokuwa bado zinasubiri mabasi, tukaenda mpaka Kongowe. Huko kuna uwanja wa malori, mlinzi anakutoza elfu tatu kwa usiku, na ukingoni mwake kulikuwa na banda la mama lishe, nguzo sita na mabati manne. Malori yalikuwa mengi, yote pua zimeelekea kusini. Nilipoyaona nikacheka peke yangu. Sisi tulijiona wavumbuzi wa nyumba ya magurudumu, na pale palikuwa na wanaume wameishi ndani ya magari nusu ya maisha yao. Kitanda nyuma ya kiti, nguo zimeanikwa kwenye kioo cha pembeni, jiko dogo la mkaa limefungwa chini ya bodi, utingo anajua kila kisima kutoka hapo mpaka Mtwara. Hakuna mtoto anayewaimbia.

Mama lishe alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Mohoro, Rufiji. Alipika wali wa nazi na kambale aliyekaushwa kwa moshi, akamrudisha kwenye mchuzi wa nazi na ndimu, na mchicha pembeni. Nimekula hoteli za nyota kadhaa, sikumbuki nilikula nini. Kambale yule namkumbuka. Moshi ulikuwa umeingia mpaka mfupani. Tulirudia, na tulipomsifu akasema samaki huyo alinunuliwa kabla ya maji, maana Rufiji ilikuwa imezama mwezi mzima. Ilikuwa mwaka wa El Nino. Siku chache kabla, tarehe 25 Aprili, Waziri Mkuu alikuwa ametangaza bungeni kwamba mvua zimeua watu 155 nchini. Mama yake alikuwa hai, Mohoro, kwa ndugu mwenye nyumba mlimani. Shamba la mpunga liko chini ya maji.

Nikamuuliza kwa nini watu wasihame bondeni. Hilo ndilo swali ambalo sisi tuliokaa juu huuliza tukiwa tunakula. Akanijibu kwa upole mkubwa. Bibi yake alihamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali ilipowapeleka watu kwenye vijiji vya juu. Alikaa juu, akaendelea kushuka kulima chini, kwa sababu juu mchanga na chini ndiko kuna chakula. Mto ukirudi nyuma, unapanda palepale ulipoacha unyevu. Zamani watu wa huko walijenga madungu, vibanda vyenye miguu mirefu. Maji yanapita chini, wewe uko juu na kuku wako na moto wako. "Nyumba yenu ina magurudumu," akasema, "ya bibi ilikuwa na miguu. Hii ninayopanga mimi haina chochote."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya uwanja, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea mto Mzinga.

Jioni mvua ilizidi, upepo ukaanza kunyanyua mabati, naye akafunga mapema. Tulikuwa tumemwambia tutarudi kula, kwa hiyo akatutilia wali na samaki kwenye hotpoti yake mwenyewe, ya bluu, yenye maua, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa, akatuletea mpaka mlangoni pa gari. Tukamlipa: sahani tatu, elfu tatu na mia tano kila moja. Chenji tukamwachia. Hotpoti mtarudisha asubuhi, akasema. Hakutaka dhamana, wala hakuuliza majina yetu.

Tulikula tukiwa tumezima taa kubwa, mvua inapiga paa. Dada akasema hiyo ndiyo siku bora ya safari.

Yapata saa nne usiku tukasikia hodi. Shemeji akafungua dirisha, si mlango. Alikuwa yeye, kanga imemganda mwilini, mtoto mmoja mgongoni na mwingine, wa miaka saba au minane, amemshika mkono. Wote matope mpaka magotini. Maji yalikuwa yameingia chumbani.

"Hodi wageni wangu. Nawaombea watoto wakae humo mpaka alfajiri tu. Nina magunia mawili ya mchele ndani, nataka nikayatoe."

Shemeji akanigeukia. Dada alikuwa ameshalala, au nataka kuamini hivyo. Kulikuwa na vitanda vinne na watu watatu. Kitanda cha nne kilikuwa na mabegi yetu na mfuko wa machungwa tuliyonunua kwa ajili ya njiani. Nikayaona magoti ya wale watoto, nikaliona godoro jeupe, nikalikumbuka lile neno "safi". Nikasema mimi, si shemeji.

"Dada, gari si letu."

Hakubisha. "Haya, sawa," akasema. "Samahani kwa usumbufu." Ndiyo, aliomba samahani.

Nilibaki dirishani. Alikwenda mpaka lori la tatu kutoka kwetu, lililobeba vinywaji vya kupeleka Lindi, akagonga kwa kiganja. Mlangoni mwa lori lile kuna maandishi, niliyasoma asubuhi yake: hairuhusiwi kubeba abiria. Taa ya kebini ikawaka. Dereva akashuka kwenye mvua kwa bukta, akawanyanyua watoto mmoja mmoja mpaka juu, utingo akawapokea. Kisha utingo naye akashuka, akamfuata mama yao kwenye mteremko, na baada ya muda nikawaona wanarudi, gunia begani kwa utingo, mfuko wa nailoni kichwani kwake. Sehemu iliyobaki ya usiku utingo aliipitisha ameketi kiti cha mbele, kichwa kimeegemea kioo. Kitanda kilikuwa na wenyewe.

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Ndilo linalonisumbua, maana ningekuwa nimedanganya ningejua la kutubia. Gari halikuwa letu. Lakini alasiri ileile, watoto wa uwanjani walipouliza, shemeji aliwaambia "gari letu hili", nami sikumsahihisha. Lilikuwa letu kwa kulala, kwa kupikia, kwa kupigia picha. Lilikuwa letu kwa kila kitu isipokuwa kwa yule mtu mmoja, kwa dakika moja. Lori nalo halikuwa la dereva. Lina tajiri wake, na tajiri ana sheria zake, zimeandikwa kabisa mlangoni kwa rangi. Yule dereva alikuwa na "si letu" kubwa kuliko ya kwangu, na ajira yake ilikuwa juu yake. Mimi nilikuwa nahatarisha shuka.

Nimejitetea kwa njia zote. Nimesema hatukumjua, angeweza kuwa mwizi; nikakumbuka hotpoti yake ilikuwa ndani ya sinki letu, nasi pia hakutujua. Nimesema huwezi kuokoa kila mtu. Hiyo ndiyo hoja inayopendwa zaidi na watu wa tabaka langu, na ina ukweli wake, ila yeye hakuja na kila mtu. Alikuja na wawili, na mmoja alikuwa wa mgongoni. Nimesema tulimlipa, na hapa ndipo nimekaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ni hoja yenye nguvu. Mama lishe anauza, mteja ananunua, pesa inafunga hesabu na kila mtu yuko huru. Ndiyo maana watu walibuni pesa, ili nisibebe deni la kila aliyenilisha. Angekuwa mkahawa wa mjini ningekubali. Lakini kuna jambo moja halikuwa kwenye bei. Wali na samaki tuliununua; hotpoti alituazima. Ndani ya saa nne mwanamke yule alituazima cha kwake bila sharti, na sisi tukamnyima cha kuazimwa kwa kisingizio cha sharti.

Sasa nadhani nalielewa neno la shangazi, kwamba mpita njia hali. Unaweza kupita katika mvua ya watu ukaitazama, na hilo si kosa. Ukishakaa kwenye benchi lao, ukauliza habari za mama yao, ukarudia sahani, hujapita. Umekuwa mgeni hata kama umekuja na kitanda chako. Na gari letu lilikuwa limetengenezwa kwa ustadi kabisa ili mtu awe mgeni pasipo kuwa mgeni: ale kwa watu na asilale kwao, alowe kidogo na akauke mara moja, kesho awashe injini. Sisemi magari hayo ni dhambi. Nasema lilinifaa mno usiku ule.

Asubuhi, Jumapili, banda lilikuwa wazi tangu saa kumi na mbili. Moshi unatoka, madereva wanakunywa chai. Hatukwenda. Shemeji akasema tuwahi njia kabla ya jua kali, na hakukuwa na jua. Kilomita kadhaa mbele zikatufikia habari kwamba Barabara ya Kilwa imekatika huko Somanga, maji yameondoka na daraja, hakuna kwenda Lindi wala kurudi. Tukageuza. Tukapita Kongowe kwa upande wa pili wa barabara, mapazia yamefungwa.

Hotpoti dada aliiona Mabwepande, tulipokuwa tunasafisha gari uani kwa shangazi. Gari lilikuwa safi kweli, hatukuwa na kazi kubwa.

Ikabidi nieleze. Nilimweleza shangazi peke yake, jikoni, nikingoja anitukane, na nilihitaji kutukanwa. Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Usiku ule Kigogo tulipanda kwa jirani mwenye ghorofa. Tulikuwa watu wengi, tumesimama kama ndani ya daladala, mpaka ngazi zote. Mwenye nyumba akafunga geti. Watu walibisha. Mimi nilikuwa karibu na geti, sikusema kitu. Mpaka leo nikikutana na mtu wa Kigogo simuulizi usiku ule alikuwa wapi."

Sikujua la kumjibu. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimemweka shangazi upande wa waliobisha.

"Ila sisi tulijaa," akasema baada ya kitambo. "Nyinyi kitanda mlikipa machungwa."

Akaichukua hotpoti, akaisugua upya ingawa dada alishaiosha. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, hilo halikuhitaji kusemwa. Lakini nirudi lini, na nini? Nilifikiria pesa, nikaona aibu. Nilifikiria mchele, nikaona ni kama kumkumbusha magunia. Wiki mbili zikapita nikiwa nafikiria, na hilo nalo ni namna ya kutokwenda. Mwishowe shangazi akanipigia simu, akasema ameamka alfajiri amechoma vitumbua, nije nivichukue vingali moto nivipeleke kunakohusika.

Nilikwenda kwa daladala, tatu kwa kubadilisha, kutoka Bunju mpaka Kongowe, hotpoti imo kwenye mfuko juu ya mapaja. Ilikuwa inanyesha. Daladala ya mwisho ilivuja juu ya dirisha langu, na abiria mwenzangu, mzee, akanisogezea mwavuli wake ndani ya gari bila kusema kitu.

Banda lilikuwa palepale, na mabati yameongezeka mawili. Alikuwa anachuja nazi. Alinitambua kabla sijasalimia, akafuta mikono kwenye kanga.

"Karibu mgeni. Gari la watu mlilirudisha salama?"

"Tulilirudisha."

"Halikuchafuka?"

"Halikuchafuka, dada."

"Afadhali," akasema, na sikuona usoni kwake kama kuna mchezo wowote katika neno hilo. Akaifungua hotpoti. Mvuke haukuwepo tena, safari ilikuwa ndefu, lakini harufu ya iliki ilikuwepo. Akahesabu vitumbua kwa macho, akaita jina moja, kisha la pili, na wale watoto wakatoka nyuma ya banda, mkubwa akiwa na sare ya shule. Akawapa viwili viwili, akachukua kimoja, akafunga.

Benchi lilikuwa limelowa. Akanigeuzia ndoo nikalie, akauliza kama nitakula wali na samaki au wali na maharage.